Kompresheni: Neno Moja, Hasara Mbili

Katika mtaa wa Majengo, mjini Meru, neno kompresheni halikauki vinywani mwa mafundi wa pikipiki. Kijana wa bodaboda akilalamika kwamba chombo chake kinashindwa kupanda mlima na abiria, aghalabu huambiwa kuwa kompresheni imekwisha. Majuzi niliwasikiliza mafundi wawili wakibishania pikipiki ya namna hiyo. Mmoja alitaka pete za pistoni zibadilishwe. Wa pili alitaka hedi ikwanguliwe ili, kwa maneno yake, kompresheni ipande. Hawakuwa wakizungumzia jambo moja hata kidogo, ila neno lilikuwa moja; naye mwenye pikipiki alisimama kando akihesabu fedha.

Neno hilo limebebeshwa maana mbili. Ya kwanza ni uwiano: nafasi iliyo juu ya pistoni inapokuwa chini kabisa, ikigawanywa kwa nafasi inayobaki pistoni inapofika juu kabisa. Uwiano wa 9 kwa 1 ni ule ule Mombasa na Nanyuki, maana hilo ni umbo la chuma, na chuma hakijui mwinuko. Maana ya pili ni kanieneo ya hewa iliyobanwa humo, ile inayopimwa kwa geji. Hii hutegemea hewa iliyoingia. Meru iko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, na hapo kanieneo ya hewa ni takribani asilimia 84 ya ile ya pwani. Kwa hiyo injini nzima, isiyo na kasoro yoyote, itaonyesha kipimo pungufu kwa kadiri hiyo. Fundi akikilinganisha na kipimo kilichochukuliwa karibu na usawa wa bahari, ataihukumu injini kuwa imechoka. Pete zitanunuliwa, silinda itachongwa upya, na mlima utabaki mgumu kama jana.

Yule fundi wa pili alikuwa na hoja yenye uzito zaidi. Kwa kuwa hewa ya milimani ni nyepesi, injini ya huko huweza kustahimili uwiano mkubwa kidogo bila petroli kulipuka ovyo na injini kugonga. Lakini faida yake ni haba. Kupandisha uwiano kutoka 9 hadi 10 huongeza nguvu kwa asilimia 3 hivi, ilhali mwinuko umekwisha kunyang'anya kama asilimia 15. Isitoshe, bodaboda si mti. Leo imepanda Timau, kesho imeteremka Isiolo, mamia ya mita chini ya Meru, kwenye joto kali. Injini iliyobanwa mno kwa ajili ya baridi ya Timau itaanza kugonga huko, na pistoni iliyotoboka haitengenezwi kwa maneno.

Lau pikipiki ingekuwa yangu, ningeanza na kabureta. Hewa ikipungua, petroli huwa nyingi kuliko inavyohitajika. Ushahidi ni plagi iliyojaa masizi. Jeti ndogo zaidi husaidia. Kisha ningefunga nyuma gurudumu la mnyororo lenye meno mengi zaidi, nikubali kupoteza mwendo wa tambarare ili nipate nguvu ya mlimani. Hedi ningeiacha ilivyo.

Msomaji atauliza mwanaisimu ametafuta nini karakanani. Nimefuata neno. Wanafunzi wetu wa sekondari hufundishwa kwa Kiingereza kanuni ya gesi ya Robert Boyle, iliyotangazwa mwaka 1662, nao huikariri hadi siku ya mtihani. Karakana nayo husema Kiswahili na Kimeru. Elimu hiyo haivuki barabara. Wala si kwamba Kiswahili kimekosa maneno. Tunao uwiano wa mgandamizo kwa maana ya kwanza, na kwa ya pili tunayo kanieneo, iliyoundwa kwa kani na eneo, kiasi kwamba neno lenyewe linafundisha. Wapo wanaoyabeza kuwa maneno ya kamusini. Ajabu ni kwamba lugha hii hii iliita pikipiki kwa kuiga mlio wake, na ikalitoa neno bodaboda kwenye mpaka wa Busia, zama za baiskeli zilizovusha watu na mizigo. Neno hukubalika likitumiwa mahali penye haja nalo.

Ndiyo maana napendekeza mwalimu wa Fizikia na mwenzake wa Kiswahili waandamane na darasa moja hadi Majengo, wakiwa na geji, na kumwomba fundi awapimie injini. Swali la kuwaandikia wanafunzi ubaoni ni hili: pikipiki mbili mpya zina uwiano mmoja, moja iko Mombasa, ya pili iko Meru, geji itasoma nini kwa kila moja, na ni ipi kati yao inayohitaji fundi?