Kisukari cha Watoto: Je, Binti na Kaka Yake Huugua Sawa?

Wengi wetu tunadhani kisukari ni ugonjwa wa watu wazima wanene. Ipo aina nyingine inayowapata watoto, hata walio wembamba. Askari wa mwili, ambao kazi yao ni kupigana na vijidudu, hugeuka na kuharibu sehemu za kongosho zinazotengeneza insulini. Bila insulini chakula hakiwi nguvu. Sukari hujaa katika damu na kutoka na mkojo.

Ugonjwa huu ni haba kwetu, ndiyo maana hutupita. Uchunguzi wa Dar es Salaam wa miaka 1982 hadi 1991 ulikuta wagonjwa wapya kama 1.5 tu kwa mwaka katika kila watoto na vijana 100,000.

Magonjwa mengi ambayo mwili hujishambulia wenyewe huwapata zaidi wanawake. Hili ni tofauti: utotoni huwapata wasichana na wavulana karibu sawasawa. Tofauti huja wakati wa kubalehe, kwa sababu homoni za ukuaji hupunguza nguvu ya insulini. Wasichana hubalehe mapema, hivyo kwao ugonjwa huelekea kujitokeza mapema kidogo.

Hapo ndipo tunapokosea. Binti wa Matombo au Mgeta akikonda na kunywa maji mno, tunasema anakua. Akiwashwa sehemu za siri, tunashuku mwenendo wake, naye hunyamaza kwa aibu. Kumbe sukari ndiyo inayolea fangasi. Mvulana aliyeanza tena kukojoa kitandani huchapwa. Akitapika na kuhema kwa nguvu, tunasema ni malaria. Mtoto wa namna hii ashushwe hospitali siku hiyo hiyo, apimwe sukari. Tone moja la damu linatosha.

Kwa aliyekwisha kuanza sindano, kumbukeni haya:

1. Msichana anayebalehe huhitaji insulini zaidi, na sukari yaweza kupanda kabla ya hedhi. Msimgombeze kwamba ametafuna miwa kwa siri. Mpelekeni kliniki dozi ipangwe upya.

2. Wasichana wengine huruka sindano kwa kuogopa kunenepa. Mama, zungumza naye kwa upole.

3. Anayecheza mpira, kulima au kupanda mlima na ndoo ya maji ale kwanza, na awe na kitu kitamu mfukoni, maana sukari yaweza kushuka ghafla.

4. Mitishamba haichukui nafasi ya insulini. Msiache sindano hata siku moja.

Tumezoea kusema kinga ni bora kuliko tiba. Ugonjwa huu hauna kinga tunayoweza kuwapa watoto nyumbani, lakini tiba ipo. Mwaka 1922 huko Toronto, Kanada, mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, alikuwa wa kwanza kutibiwa kwa insulini. Mwaka huo huo alitibiwa msichana Elizabeth Hughes, aliyekuwa amebaki mifupa mitupu. Alisoma, akaolewa, akazaa watoto watatu, akaishi hadi 1981. Basi msimkatie tamaa binti yenu, wala kumwachisha shule.