Mtoeni Fundi Kwenye Namba Kumi

Timu ya chuo ikipata kijana fundi, mwenye jicho la pasi na mguu usiogombana na mpira, hamalizi mechi ya pili kabla swali halijamfikia kocha: mbona humpi namba kumi? Linaulizwa kando ya viwanja vya Kikwe, linaulizwa Usa River na Makumira, linaulizwa Tengeru na Patandi, kote kwenye vyuo vilivyopangana kando ya barabara ya Moshi. Anauliza mzazi, anauliza waziri wa michezo wa serikali ya wanafunzi, anauliza hata mwalimu wa michezo ambaye ndiye aliyetakiwa kulijua jibu. Tangu Arusha ianze kujengewa uwanja wa AFCON 2027, linaulizwa kwa haraka zaidi, kwa sababu kila mtu anamwona kijana wake akicheza pale. Nalo ni swali baya, kwa kuwa limeshajijibu lenyewe. Ndani yake kuna imani nzima: kwamba fundi akae nyuma ya straika, asihangaishwe na kukaba, na mipira yote ipite kwake. Imani hiyo imewapoteza vijana wengi kuliko majeraha ya goti, na ndiyo nitakayoishughulikia hapa. Namna ya kumtumia kijana mwenyewe haihitaji maneno mengi.

Tuanze na mahali penyewe. Timu pinzani ikijipanga kwa mabeki wanne na viungo wanne mbele yao, namba kumi anasimama katikati ya mistari hiyo miwili, na mistari hiyo mara nyingi imeachana mita 10 hadi 15 tu. Maana yake ana watu wanane ndani ya hatua chache, wanne mbele na wanne nyuma, na mpira unamfikia akiwa ameligeuzia mgongo goli analotaka kulishambulia. Ili afanye kile tunachomsifia, yaani pasi ya mwisho, ni lazima kwanza atulize mpira, ageuke, ainue kichwa, ndipo achague. Huko Ulaya wanafanya hivyo kwa mguso mmoja au miwili, juu ya nyasi zilizokatwa na kumwagiwa maji. Kwenye viwanja vyetu, vya vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika, mpira unadunda mahali usipotarajia, na mguso wa kwanza unamla mchezaji sekunde nzima hata akiwa fundi wa kweli. Katikati ya watu wanane sekunde hiyo haipo. Tena viwanja vingi vya vyuo ni vyembamba. Sheria za mpira zinaruhusu upana kuanzia mita 45 hadi 90, na kadiri upana unavyopungua ndivyo katikati kunavyozidi kusongamana. Anayemweka kijana hapo na kusema amempa uhuru, amemnyima nafasi, na uhuru wa mchezaji wa mpira ni nafasi.

Halafu kuna suala la jinsi mpira unavyomfikia. Mabeki wa timu ya chuo, wanafunzi wanaofanya mazoezi jioni mbili au tatu kwa wiki baada ya vipindi, wakibanwa hubutua, na wana haki ya kubutua. Mpira uliobutuliwa unapita juu ya kichwa cha namba kumi, unamfikia straika au beki wa wapinzani, na fundi wetu anabaki akitazama juu. Utasikia wakisema, “Wapitishe kwake.” Wampitishie vipi, ikiwa anayeweza kupitisha mpira katikati ya mistari ndiye huyo huyo aliyepelekwa kwenda kuusubiri? Timu yenye mpiga pasi mmoja ikimweka mwisho wa njia, njia haina tena wa kuifungua. Sielewi kwa nini jambo lililo wazi hivi linahitaji kurudiwa kila msimu.

Kisha wapinzani nao wana macho. Mechi moja inatosha kumtambua fundi wa timu, na katika mashindano ya vyuo habari husafiri kutoka kambi moja hadi nyingine kabla ya chakula cha jioni. Mechi ya pili anapewa mtu wa kumkaba, mara nyingi kijana mwenye pumzi na kazi moja tu. Namba kumi ndiye rahisi kuliko wote kukabwa mtu kwa mtu, kwa kuwa tayari yuko katika eneo la kiungo mkabaji, na anayemkaba hahitaji kuacha nafasi yake. Lakini fundi akishuka chini karibu na mabeki wake, au akisimama kwenye mstari wa pembeni, anayemkaba atalazimika kuchagua: amfuate na kuacha shimo nyuma yake, au abaki na kumwachia mpira. Vyovyote atakavyochagua, timu yetu imepata kitu.

Wanaopenda kusema kwamba mchezaji mwenye kipaji huhitaji tu mpira miguuni, wakumbuke kwamba hata kwenye ligi kubwa mchezaji mmoja hukaa na mpira kwa jumla ya chini ya dakika mbili katika mechi ya dakika 90. Zilizobaki zote ni za kusogea na kutazama. Mtafiti Geir Jordet wa Norway, aliyechambua video za wachezaji wa Ligi Kuu ya Uingereza, alionyesha kwamba waliogeuza kichwa mara nyingi zaidi kabla ya kupokea mpira ndio waliofikisha pasi nyingi zaidi za kwenda mbele. Sasa jiulize ni wapi kijana anapata cha kutazama. Aliyesimama chini anaona karibu uwanja wote mbele yake. Aliyesimama nyuma ya straika, mengi ya kuonwa yako nyuma ya mgongo wake, na kila anapogeuza kichwa anapoteza mpira machoni.

Hili si wazo langu la porini. Andrea Pirlo alikuzwa kama namba kumi na hakupata nafasi Inter. Mwaka 2001 alipokwenda Brescia kwa mkopo, namba kumi ilikuwa ya Roberto Baggio, na kocha Carlo Mazzone akamshusha mbele ya mabeki. Carlo Ancelotti akaliendeleza jambo hilo Milan, na mwaka 2006 Pirlo alitwaa Kombe la Dunia akicheza hapo chini, pembeni yake Gennaro Gattuso akikata umeme. Luka Modrić, mwembamba kama vijana wetu wengi, aliibuka Zagreb akicheza nyuma ya washambuliaji. Ballon d'Or ya 2018 aliichukua akiwa namba nane. Hapa nyumbani, Feisal Salum amecheza chini na amecheza juu kwa nyakati tofauti, na ufundi wake haukupungua alipocheza chini.

Hapo ndipo ninapojibiwa kwa jina moja: Chama. Clatous Chama alicheza juu Simba, wanasema, na nchi nzima ilimshangilia. Ni kweli, na mimi naiheshimu sana ile Simba ya 2020/21 iliyofika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika na kuichapa AS Vita 4-1 Dar es Salaam, Chama akifunga mawili. Lakini wanaomtaja Chama wamtaje pia Taddeo Lwanga, yule Mganda aliyekuwa akifagia nyuma yake. Wamtaje Luis Miquissone, aliyewavuta mabeki kwenda pembeni. Wawataje Shomari Kapombe na Mohamed Hussein, waliopanda na kushuka pembeni dakika zote. Wautaje na uwanja wa Benjamin Mkapa wenye nyasi zake, na mazoezi ya kila siku ya watu wanaolipwa mshahara. Chama alikaa juu kwa sababu chini yake walikuwepo watu wa kumfikishia mpira na wa kuurudisha ukipotea. Chuo chenye mtu wa namna hiyo kwenye namba sita, na mabeki wanaotoa mpira chini kwa chini, kimpe kijana wake namba kumi leo. Bado sijakiona.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Kijana ni mwepesi, ana miaka 18 au 19, na ukimshusha chini atapokonywa mpira mbele ya goli letu. Ni kweli kwamba mpira uliopotea chini hugharimu kuliko uliopotea juu. Ila hesabu haiishii hapo. Chini anapokea akiwa ameelekea mbele, anamwona anayemjia, na ana pasi ya kurudi nyuma au ya pembeni. Juu anapigwa kutoka nyuma na mtu asiyemwona, na kiwiliwili chake ndicho kinachopigania mpira. Mwepesi huumia zaidi juu. Dawa ya woga huu ni kumwekea pembeni kiungo mkabaji mwenye nguvu, na kumfundisha asikae na mpira zaidi ya miguso miwili akiwa kwenye nusu yetu. Kumsubirisha benchi mpaka “apate mwili” ni kumpotezea miaka yake bora ya kujifunza.

Wapo pia wanaosema mashindano ni mafupi, hakuna muda wa kufundisha nafasi mpya, acha acheze alikozoea tangu UMISSETA. Ufupi huo ndio unaonipa hoja. Mashindano ya vyuo hubana mechi nyingi ndani ya siku chache, na misuli ya mchezaji aliyecheza dakika 90 huhitaji hadi saa 72 kurudi sawasawa. Namba kumi anayekabwa mtu kwa mtu huanguka na kugongwa kila dakika, na kufika mechi ya tatu hana miguu. Na kumfundisha kijana mwenye akili ya mpira kupokea mita 20 chini zaidi hakuhitaji msimu mzima. Mazoezi ya wiki mbili yanatosha, kwa sababu kule pasi zake za asili zinapata njia.

Anayebisha achukue daftari na kalamu akae kando ya uwanja. Aandike kila mara kijana anapopokea mpira: amepokea akiwa ameelekea goli la wapinzani au amelipa mgongo, na baada ya hapo mpira umekwenda mbele, umerudi nyuma au umepotea. Dakika 15 za kila kipindi zinatosha, kipindi kimoja akiwa namba kumi na kingine akiwa chini. Kisha tuzungumze tukiwa na daftari hilo mezani.

Sasa kazi yenyewe. Kwanza kabisa mjaribu namba nane, upande wa mguu wake wenye nguvu, mkata umeme akiwa karibu. Timu isiyo na mkata umeme wa kuaminika imweke winga wa upande wa mguu wake dhaifu, aingie ndani akiwa ameelekea goli, mstari wa pembeni ukimlinda upande mmoja. Mkiwa nyuma kwa goli moja na zimebaki dakika 20, wapinzani wamechoka na mistari imeachana, hapo mpandishe namba kumi kwa moyo wote. Kona na faulo zote apige yeye, popote anapocheza, maana huko hakuna wa kumkaba. Mwambie winga wake akimbie nyuma ya mabeki kila fundi anapoinua kichwa, hata kama pasi haiji. Akabe kama wenzake, ila apewe eneo badala ya mtu. Mtoeni dakika ya 60 mkiwa mnaongoza kwa mawili na kuna mechi keshokutwa. Na kama timu ya mtaani inamtaka kwa ndondo ya Jumapili baada ya mechi ya chuo ya Jumamosi, mlezi wa michezo aende mwenyewe kuzungumza nao, asimwachie kijana mzigo wa kukataa.