Minyoo ya moyo: Mbu anavyoweza kumuua mbwa wako

WAFUGAJI wengi wa mbwa mijini huona wametimiza wajibu wao mara mnyama anapochanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa na kuogeshwa dawa ya kupe. Ni wachache wanaomfikiria mbu, ilhali mdudu huyo ndiye anayeeneza ugonjwa unaomuua mbwa taratibu, yaani minyoo ya moyo.

Ugonjwa huo husababishwa na mnyoo ujulikanao kitaalamu kama Dirofilaria immitis. Mbu anapofyonza damu ya mbwa mgonjwa, huchukua vijinyoo visivyoonekana kwa macho. Palipo na joto, vijinyoo hivyo hukua ndani ya mbu kwa takriban wiki mbili, kisha humwingia mbwa mwingine anapoumwa. Bila mbu, mbwa hawawezi kuambukizana, hata wakilala banda moja.

Ndani ya mbwa, minyoo huchukua miezi sita hadi saba kukomaa. Hukaa katika mishipa ipelekayo damu kwenye mapafu na, inapokuwa mingi, katika upande wa kulia wa moyo wenyewe. Mnyoo jike huweza kufikia urefu wa sentimita 30, na minyoo hiyo huishi miaka mitano hadi saba.

Ubaya wa ugonjwa huu ni kwamba mwanzoni hauna dalili. Baadaye mbwa hukohoa, huchoka upesi na hukonda. Hali ikizidi kuwa mbaya, tumbo hujaa maji. Anayesubiri dalili hizo huenda akakuta mishipa imekwisha kuharibika.

Njia ya uhakika ni kupima damu. Kipimo kinachotumika zaidi hutambua chembe zinazotolewa na minyoo jike iliyokomaa, hivyo mbwa aliyeambukizwa karibuni huweza kuonekana mzima. Nchini Marekani, ambako ugonjwa umeripotiwa katika majimbo yote 50, wafugaji hushauriwa kupima mbwa wao kila mwaka.

Tiba ipo, lakini ni ndefu na ina hatari zake. Kwa kawaida mbwa huanza kwa kupewa doksisaiklini kwa wiki nne, ili kuua bakteria ambao minyoo huwategemea. Baadaye hudungwa sindano tatu za melasomini, dawa yenye aseniki: moja kwanza, na baada ya mwezi mmoja mbili nyingine kwa siku mbili mfululizo.

Minyoo inapokufa, vipande vyake huchukuliwa na damu na huweza kuziba mishipa ya mapafu. Kwa sababu hiyo mbwa hatakiwi kukimbia wala kucheza katika kipindi chote cha tiba na kwa wiki kadhaa baada ya sindano ya mwisho. Mbwa wa ulinzi lazima apumzishwe kazi.

Kinga ni rahisi zaidi. Dawa kama ivermektini, inayotolewa mara moja kwa mwezi, haimzuii mbu kuuma, bali huua minyoo michanga iliyoingia mwilini katika mwezi uliotangulia. Kuruka miezi kadhaa ni kuipa minyoo hiyo nafasi ya kukua hadi dawa isiiweze tena.

Hata hivyo, mfugaji asijaribu kumdunga mbwa ivermektini ya ng'ombe kwa kukisia. Mbwa wa kilo 20 huhitaji takriban mikrogramu 120 kwa kinga, wakati mililita moja ya dawa ya ng'ombe yenye nguvu ya asilimia moja ina mikrogramu 10,000, yaani zaidi ya mara 80. Mbwa wa jamii ya Collie ndio walio hatarini zaidi, kwani wengi wao wana kasoro ya urithi inayoruhusu dawa hiyo kupenya hadi kwenye ubongo.

Vilevile, mbwa mkubwa apimwe kabla ya kuanzishiwa kinga. Akiwa tayari na vijinyoo vingi katika damu, kufa kwake kwa pamoja huweza kumletea mshtuko wa mwili.

Sambamba na dawa, mfugaji amwage maji yaliyotuama uani na kuweka wavu kwenye banda, hasa nyakati za usiku. Na mbwa anapopelekwa kuchanjwa, daktari wa mifugo aulizwe pia kuhusu minyoo ya moyo.