Fahamu: Nairobi, sifa ya maji iliyogeuka jina la jiji

Neno Nairobi, ambalo leo ni jina la jiji, halikuanza kama jina bali kama kivumishi, yaani neno la kueleza sifa, na asili yake ni Kimaa, lugha ya Wamaasai iliyo katika jamii moja ya Kiniloti na Kijaluo na Kikalenjin. Wamaasai waliyaita maji ya hapo Enkare Nairobi, maana yake maji baridi.

Katika Kimaa, sifa za namna hii hujengwa kama kitenzi: shina irobi lina maana ya kuwa baridi, nacho kiambishi na-, kinacholingana na “ambayo” ya Kiswahili, hufuata nomino za jinsia ya kike, na enkare, yaani maji, ni mojawapo. Kanuni hiyo ndiyo inayofanya weusi uitwe narok katika Enkare Narok, chimbuko la jina la mji wa Narok, lakini uwe orok katika Ol Doinyo Orok, mlima wa Namanga, kwa kuwa mlima huhesabiwa wa kiume.

Reli ilipofika mwaka 1899, kituo kilibaki na sifa peke yake, na maji yenyewe yakadondoka katika jina. Huko magharibi mwa jiji, mtaa wa Kileleshwa nao unahusishwa na leleshwa, kichaka chenye majani ya kunukia ambacho jina lake pia ni la Kimaa.