Kebo ya siriali: nyaya tatu zinazoweza kufufua king'amuzi kilichozima

Katika kituo cha biashara kama cha Mutaho, kaskazini mwa mji wa Gitega nchini Burundi, king'amuzi kimoja cha setilaiti huhudumia watu wengi kuliko wenye nyumba. Majirani huja kutazama habari, na wateja wa mkahawa husubiri mpira. Kwa familia zinazozungumza Kiswahili mahali ambapo Kirundi ndiyo lugha ya kila siku, ungo ulio juu ya paa ndio unaoleta taarifa ya habari kwa lugha ya nyumbani. Kifaa hicho kinapoganda kwenye nembo ya kuwashia, au kinapoandika neno moja tu kwenye kioo chake cha mbele na kukaa hapo, wenyewe huambiwa kwamba kimekufa. Huenda hakijafa.

Mara nyingi kilichoharibika ni programu ya ndani peke yake, ama kwa sababu umeme ulikatika wakati wa kuisasisha, ama kwa sababu kiliwekewa faili lisilo lake. Kwa ving'amuzi vingi programu hiyo haiwezi kurudishwa kwa flashi ya USB, kwa kuwa flashi husomwa na programu kuu, nayo ndiyo iliyoanguka. Kinachobaki hai ni programu ndogo ya kuanzia, iliyohifadhiwa mwanzoni mwa kumbukumbu ya kifaa. Umeme unapoingia, programu hiyo husikiliza tundu la siriali kwa muda mfupi sana. Kompyuta ikiita wakati huo, hujibu na kupokea faili jipya.

Hapo ndipo mafundi wengi hukwama. Kompyuta huandika kwamba inasubiri, na jibu haliji. Fundi hubadilisha faili, kisha programu, kisha kompyuta, na mwishowe humrudishia mwenye mali kifaa chake pamoja na pole. Kosa ni la mpangilio wa kazi: faili haliwezi kulaumiwa kabla halijapata njia ya kupita. Kinachopaswa kuchunguzwa kwanza ni kebo.

Pini tisa, kazi ya tatu

Mawasiliano haya hufuata kiwango kiitwacho RS-232, kilichochapishwa Marekani mwaka 1960, zama ambazo kompyuta ilikuwa mashine ya kujaza chumba. Plagi yake ya kawaida ina umbo la herufi D na pini tisa, tano safu moja na nne safu nyingine. Kwa king'amuzi, pini tatu tu ndizo zenye kazi. Upande wa kompyuta, pini ya 2 hupokea, ya 3 hutuma, na ya 5 ni ya ardhi, yaani waya wa pamoja ambao volti za zile mbili hupimwa kwake.

Ugumu wote umo katika 2 na 3. Kompyuta inapotuma kwa pini ya 3, sauti yake lazima ifike kwenye pini ambayo king'amuzi hupokelea. Watengenezaji hawakukubaliana pini hiyo iwe ipi. Kwa hiyo zipo kebo nyoofu, ambazo 2 huenda kwa 2 na 3 kwa 3, na zipo za kupishana, ambazo 2 huenda kwa 3. Kwa macho hazitofautiani hata kidogo. Ving'amuzi vingi hutaka ile ya kupishana, lakini si vyote, na baadhi ya vifaa vya miaka ya karibuni vimeacha plagi ya pini tisa na kutumia tundu dogo la mviringo linalofanana na la spika za masikioni. Mafundi wawili, kila mmoja akiwa na kebo nzima, wanaweza kubishana siku nzima wakati kila mmoja ana ukweli kwa kifaa chake.

Mita ya kupimia umeme humaliza ubishi huo kwa dakika moja. King'amuzi huwashwa bila kebo. Ncha nyeusi ya mita hugusishwa pini ya 5 ya tundu lake, na ncha nyekundu hupitishwa kwenye pini ya 2, kisha ya 3. Pini inayotuma, ikiwa imetulia, huonyesha volti hasi, kwa kawaida kati ya 5 na 12 chini ya sifuri. Ile inayopokea hukaa karibu na sifuri. Volti hasi ikionekana kwenye pini ya 2, kebo nyoofu ndiyo itakiwayo. Ikionekana kwenye ya 3, itakiwayo ni ya kupishana.

Kipimo hicho hufichua pia hatari moja. Pini inayotuma ikionyesha takriban volti 3.3 za upande chanya, maana yake tundu hilo limeunganishwa moja kwa moja na chipu kuu, bila kigeuzi cha volti katikati. Kebo ya RS-232 ikichomekwa hapo inaweza kuiunguza chipu hiyo. Kifaa cha namna hiyo huhitaji adapta ya USB yenye volti 3.3.

Kujisikiliza mwenyewe

Kompyuta za kubebwa za leo hazina tundu la pini tisa, hivyo adapta ya USB huingia katikati na kuleta matatizo yake yenyewe. Chipu za adapta aina ya PL2303 zilighushiwa sana, na kampuni ya Prolific inayozitengeneza ilitoa programu endeshi mpya za Windows ambazo hukataa chipu bandia na hata baadhi ya zile za zamani zilizo halali. Alama ya njano ikionekana kando ya adapta katika orodha ya vifaa vya Windows, hakuna haja ya kugusa king'amuzi. Vilevile, Windows huweza kuipa adapta namba kama COM7 au COM12, wakati programu nyingi za zamani za kupakia huona COM1 hadi COM4 tu. Namba hiyo hubadilishwa katika mipangilio ya adapta.

Adapta yenyewe hujaribiwa kwa kujisikiliza. Pini za 2 na 3 huunganishwa kwa kipande cha waya, kisha programu ya bure kama PuTTY hufunguliwa kwa namba ya COM husika, kasi ya 115200, biti 8 za data, bila biti ya uhakiki, biti 1 ya kusimamisha, na udhibiti wa mtiririko ukiwa umezimwa. Herufi zinazoandikwa zikirudi kwenye kioo, adapta ni nzima. Jaribio hurudiwa kwenye ncha ya mwisho ya kebo. Zisiporudi huko, waya umekatika ndani, mara nyingi karibu na plagi, mahali kebo inapokunjwa kila siku.

Jaribio hili lina upofu wake, na wengi hawaujui. Halionyeshi kama kebo ni nyoofu au ya kupishana, kwa kuwa herufi zitarudi kwa vyovyote. Wala halionyeshi kama waya wa pini ya 5 umeunganika. Ni lazima mita ipime waya mmoja mmoja, kutoka pini hadi pini.

Umeme kwa mpangilio

Kebo ikithibitishwa, linabaki suala la saa. King'amuzi lazima kizimwe kabisa kwa kuchomoa waya wa umeme, si kwa kubonyeza rimoti. Kebo huchomekwa vifaa vyote viwili vikiwa vimezimwa. Kisha kompyuta huwashwa na programu ya kupakia huanzishwa, na inapoandika kwamba inasubiri, ndipo king'amuzi hupewa umeme. Anayekiwasha kwanza huwa amechelewa. Dirisha la kusikiliza limekwisha kufungwa.

Ni busara pia kompyuta itumie betri yake, na waya wa ungo uchomolewe. Vifaa visivyo na waya wa ardhi ukutani huweza kuwa na volti tofauti kwenye maganda yao, na cheche ndogo inayoruka plagi zinapogusana inatosha kuua chipu ya siriali. Ungo nao huweza kuleta radi, jambo ambalo wakazi wa milima ya kati ya Burundi hawahitaji kufundishwa.

Kwa kasi ya 115200, baiti 11,520 hupita kila sekunde. Faili la megabaiti 4 huchukua dakika 6 hivi, na la megabaiti 8 huchukua mara mbili yake. Hatari kubwa ni pale king'amuzi kinapofuta kumbukumbu yake na kuiandika upya. Umeme wa REGIDESO ukikatika wakati huo, kazi huanza upya, na kompyuta yenye betri haisaidii kitu ikiwa king'amuzi kinategemea ukuta. Vile ambavyo adapta yake ya nje imeandikwa volti 12 vinaweza kulishwa kwa betri ya volti 12 wakati wa kazi hii. Hiyo ni kinga ya bei nafuu kwa fundi yeyote wa Gitega au Muyinga.

Faili nalo hustahili uangalifu. Ving'amuzi viwili vyenye ganda na jina moja vinaweza kuwa na bodi tofauti ndani. Namba ya toleo la bodi, inayosomeka kwenye menyu kifaa kikiwa kizima, ni vyema iandikwe kwenye karatasi na kubandikwa chini yake, na programu asilia inakiliwe kabla ya kuguswa. Pale programu ya kupakia inapouliza kama sehemu ya kuanzia nayo ibadilishwe, jibu salama ni hapana. Sehemu hiyo ikifutika, kebo haina tena wa kuzungumza naye. Chipu ya kumbukumbu italazimika kung'olewa na kuandikwa kwa mashine maalumu, na gharama yake inaweza kuzidi ya king'amuzi kipya.

Yapo pia mambo ambayo kebo haiwezi kuyafanya hata ikiwa nzima. King'amuzi cha zamani kilichotengenezwa kwa mfumo wa DVB-S hakitapokea matangazo ya DVB-S2 kwa kubadilishiwa programu, kwa kuwa upungufu huo umo katika chipu zake. Mwenye kifaa cha namna hiyo anayeona idhaa zake zikipungua mwaka hadi mwaka anastahili kuambiwa hivyo kabla fundi hajafungua begi lake la kazi.