Madoa hayaumi, macho ya batu njo inauma

Tunabajua wote. Ku kariyeri za Kolwezi, ku soko, mu kanisa: mutu mwenye madoa meupe ku mikono, kando ya mudomo, kando ya macho. Ugonjwa huo unaitwa vitiligo. Mbele ya kusema juu ya dawa, tuseme kwanza juu ya haya, maana haya njo inaharibu maisha yake.

Mwenye vitiligo iko na nguvu. Anachimba, anabeba mifuko, anaosha mawe sawa wengine. Lakini saa ya kula, wenzake wanamupatia sahani yake peke. Kijana anavaa mikono mirefu hata mu jua kali la mwezi wa kumi. Binti hataki tena kupigwa foto. Muke anasikia jamaa ya bwana wake ikisema: "Huyu iko na laana." Kidogo kidogo, naye anaanza kuamini.

Vitiligo haiambukizi: si kwa mukono, si kwa kikombe, si kwa kitanda. Haitoke ku ulozi. Ni kinga ya mwili yenyewe inayoshambulia chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi. Mu dunia yote, karibu mutu 1 ku 100 anayo. Michael Jackson alikuwa nayo, na mu mwaka wa 1993 alisema wazi mbele ya televizio.

Wengi wanaichanganya na ukoma. Doa la vitiligo linasikia kuguswa. Doa la ukoma mara mingi halisikii. Kama lako halisikii, enda mbio ku kituo cha afya: dawa ya ukoma ni ya bule, na inaponesha. Kwa vitiligo, munganga wa ngozi iko na pomade na matibabu ya mwanga. Rangi inaweza kurudi, lakini inaomba miezi mingi.

Ku kazi, ufunike madoa, juu jua linayaunguza mbio. Uvae ganti pia: mikwaruzo inaweza kuleta doa jipya.

Ba papa na ba mama, tufundishe batoto kumuita huyo mutu kwa jina lake, hapana kwa madoa yake. Na saa ya bukari, tumupatie nafasi mu sahani yetu. Hakuna mutu anapata vitiligo kwa kula pamoja.