Kamongo: samaki anayeweza kufa maji

Msomaji, ukiambiwa kwamba yupo samaki anayeweza kufa maji, bila shaka utasema hizo ni porojo. Lakini fika kwenye soko la samaki la Homa Bay, Mbita au Muhuru Bay, na huenda ukamwona amelazwa juu ya meza: mrefu, mviringo kama nyoka, na mapezi membamba kama kamba za viatu. Huyo ndiye kamongo.

Kamongo ana matamvua kama samaki wengine, lakini ni madogo mno na hayamtoshi. Badala yake ana mapafu mawili. Kila baada ya muda hupanda juu, hutoa mdomo, huvuta hewa na kuzama tena. Akinaswa wavuni asiweze kufika juu, hufa kwa kukosa pumzi, kama vile ungekufa wewe.

Je, kiumbe wa majini ana haja gani na mapafu? Jibu liko katika vinamasi vya mafunjo kandokando ya Ziwa Victoria, kama vile huko Nyatike, Migori, ambako Mto Kuja huingia ziwani. Maji ya humo yametulia, yamejaa majani yanayooza, na oksijeni ni haba. Mbuta, aliyeletwa ziwani kuanzia miaka ya 1950 na kuangamiza aina nyingi za fulu, hawezi kudumu humo. Kamongo hustarehe. Humo ndimo jike hutaga mayai, na dume hubaki kiotani akiyalinda pamoja na watoto.

Maajabu hayajaisha. Kinamasi kikikauka, kamongo anaweza kujichimbia topeni, akajikunja na kujifunika kwa ute unaokauka ukawa kama mfuko, wenye tundu dogo la kupumulia. Humo anaweza kulala hata zaidi ya mwaka bila kula wala kunywa, akijilisha nyama ya mwili wake mwenyewe. Homer Smith, mtaalamu wa figo kutoka Marekani, aligundua kwamba wakati huo figo za samaki huyu huacha kutengeneza mkojo. Mwaka 1932 alichapisha kitabu na kukiita kwa jina hili hili la Kijaluo, Kamongo.

Meno yake huvunja makombe ya konokono, wakiwemo wale wanaobeba vijidudu vya kichocho. Kwa hiyo kila konokono wa namna hiyo anayemezwa ni faida kwa watoto wanaooga ziwani. Hata hivyo, mvuvi anayemtoa kwenye ndoana huchunga vidole vyake!

Jamii ya samaki wenye mapafu imekuwepo duniani kwa takriban miaka milioni 400, tangu kabla ya dinosaria. Leo mafunjo yanakatwa na kuchomwa, na vinamasi vinageuzwa mashamba. Mkulima naye anahitaji chakula, hilo halina ubishi. Lakini tope likikauka kamongo husubiri mvua. Likilimwa, atasubiri nini?

Siku ukipita sokoni na watoto, mwombe muuzaji awaonyeshe mapafu ya kamongo anapompasua. Ni somo ambalo hawatalisahau.